Risiti ya Siku Kumi na Nne

Bwana afisa, jina langu Réjeanne Thibodeau,
miaka sabini na mmoja, mjane, mfugaji wa bata.
Shamba langu linakomea kwenye mtaro.
Ng'ambo ya mtaro ni Marekani,
na bata wangu hawajaulizwa pasi hata siku moja.

Umesema huyu mama alete ushahidi.
Nimekusikia. Masikio mazima, goti ndilo bovu.
Mkataba una kifungu, umesema:
anayeomba hifadhi kabla ya siku kumi na nne
arudishwe ng'ambo akaombe huko,
maana huko nako ni salama,
nchi mbili jirani zimekubaliana.
Aliyezivuka siku hizo asikilizwe,
mradi athibitishe kwamba alikuwepo.

Ujirani naujua. Duane wa ng'ambo
alipokatikiwa umeme mwaka wa barafu
nilimrushia waya juu ya mtaro, friji yake ikanguruma.
Hatukutia saini popote.

Basi nieleweshe, mimi mtu wa bata:
mtu ajifiche hata mbwa wenu wasimnuse,
halafu alete risiti?

Haya. Nimeleta.

Hii kalenda ni ya duka la vyuma.
Tarehe tisa Februari: "theluji, sentimita thelathini,"
na chini yake, kwa penseli: "mtu, kibanda cha sukari."
Hapo ndipo marehemu Fernand alipochemshia utomvu wa miti,
ndoo arobaini kupata ndoo moja ya shira.
Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mguu mmoja kiatu, wa pili mfuko wa plastiki.
Akanisalimu kwa adabu,
kama mtu aliyewahi mno kwenye miadi.

Guerda Saintilus. Fundi cherehani, mzaliwa wa Gonaïves.
Siku ya kwanza alilala. Ya pili alilala.
Ya tatu sikuwa na jembe la kumpa, ardhi ilikuwa jiwe;
akaishika sepetu mwenyewe,
akachimba njia mpaka kwa bata, akichechemea.

Siku ya sita gari lenu lilipita, polepole.
Tulikuwa tunamenya viazi.
Ganda la kiazi chake lilishuka refu, refu,
halikukatika mpaka mlipokunja kona.

Siku ya tisa, homa.
Nikafungua soksi, nikaona vidole viwili vimekuwa vyeusi.
Nikasema: twende hospitali.
Akasema: wataandika tarehe.
Nikasema: si ndiyo unayoitafuta, tarehe?
Akasema: ndiyo, mama, lakini si ya leo.

Siku tano, bwana. Beseni, maji ya uvuguvugu, vidonge vya Fernand
vilivyopitwa na muda.
Usiku alishona ili asilie.
Koti hili nililovaa, bitana yake ni ya siku ya kumi na moja;
pindua uone, uzi wa bluu, nyeusi ilikuwa imekwisha.
Mimi nilikaa namtazama, nikamchukia
mtu fulani wa mbali mwenye kalamu nzuri,
nikajiuliza kwa nini kumi na nne,
kwa nini si kumi, kwa nini si tatu,
ni nani aliyesema "tuweke kumi na nne"
na chai ilikuwa imeshaletwa au bado.

Siku ya kumi na tano asubuhi niliwasha gari kabla ya jua.

Hii ndiyo karatasi ya daktari. Ina muhuri, ina sahihi.
Ameandika: jeraha la baridi, lina wiki mbili au zaidi.
Ameandika: vidole viwili vimeondolewa, mguu wa kushoto.
Soma tena, nitasubiri.
Ulitaka risiti. Hiyo ndiyo risiti,
na bei imetajwa humo humo.

Kama kumhifadhi mtu ni kosa,
jina langu unalo, linaanza kwa R,
na hapo juu ya herufi ya pili weka alama, usisahau.
Ila harakisha kidogo.
Gari nimeliegesha nje, mita ni ya saa moja,
na mji huu, kwa kuhesabu muda,
haujambo.